Sura Nane kwa Wiki

Jina lake la kuzaliwa walilijua mkewe na watu wa vitambulisho tu. Mtaani kote aliitwa Mara Tatu. Alikuwa fundi wa kusuka mota. Mota ya pampu au ya mashine ya kusaga ikiungua, ililetwa kwake ikinuka moshi, naye akaifungua, akachomoa nyaya zilizoiva, akaisuka upya kwa waya wa shaba, koili baada ya koili, kisha akaipaka vanishi na kuianika. Jina alilipata kwa desturi yake moja: hakuwasha umeme popote kabla ya kuuliza mara tatu. "Mikono iko wapi?" "Umetoka?" "Sogea nikuone. Umetoka kweli?" Mtu asipojibu kwa kinywa chake na kusimama mbele ya macho yake, swichi haikuguswa, hata mteja atokwe povu kwa hasira.

Watu walimsifu kwa uangalifu huo. Sifa zenyewe zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini nani angejua? Aliitikia, akainama, akaendelea kusuka.

Aliyemwingiza kwenye kundi la kusoma Biblia alikuwa mkewe. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kanisa: Biblia nzima toka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka, sura nane kwa wiki, kukutana kila Jumamosi saa kumi alasiri nyumbani kwa mkunga mstaafu.

"Nimekuandikisha," mkewe alimwambia wakila.

"Mimi?"

"Wewe. Umekaa na mota mpaka sasa unaongea nazo. Nenda ukaongee na watu."

Hakubisha. Mkewe alikuwa mtu wa maneno machache, na akishasema jambo basi limesemwa.

Sebule ya Mkunga ilikuwa na viti saba visivyofanana, vitambaa vya kufuma kwa mkono juu ya kila kiti, na mizani ya kupimia watoto wachanga iliyokuwa bado inaning'inia kwenye kona ingawa alistaafu zamani. Saa ya ukutani aliiweka mbele dakika kumi makusudi. "Mtoto hasubiri saa," alisema, "na mimi simsubiri mtu." Nusu ya mtaa ule ilikuwa imepitia mikononi mwake, kwa hiyo hata watu wazima wenye mvi aliwaamrisha kama vile amewakata kitovu jana.

Karani, mzee aliyefanya kazi mahakamani miaka thelathini, ndiye aliyepiga chapa ratiba. Aliigawa kwa heshima kama hati ya wito: wiki mia moja arobaini na tisa, kila wiki na sura zake.

"Mama Mkunga," alisema Kinyozi, ambaye alikuwa mdogo kuliko wote na hakuweza kunyamaza, "mpaka tumalize hii mimi nitakuwa na upara."

"Utapunguza kazi. Hutahitaji kujinyoa."

"Lakini zile sura za majina majina, si tungeziruka tu?"

"Mtoto hazaliwi kwa kuruka kichwa. Kila kitu kitatoka kwa mpangilio wake."

Wakacheka, wakaanza. Wiki sita zikapita vizuri. Mara Tatu alisoma usiku sura mbili mbili, tatu tatu, akiwa amevaa miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na alishangaa kuona kuwa anaisubiri Jumamosi.

Wiki ya saba ndipo Mama Pasi alipoingia.

Mkunga alimleta mwenyewe kwa mkono. "Huyu nimemzalisha watoto wake wote wawili. Anafanya kazi kwa dobi pale nyuma ya soko. Mkaribisheni." Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye alama za kuungua kwenye mkono wa kulia kuanzia kiwiko kushuka, alama nyembamba zilizonyooka kama mistari ya daftari. Alikaa, akafungua Biblia yake, akasikiliza.

Sura za wiki ile Mkunga alizisubiri kwa hamu, maana ndimo wamo wale wakunga wa Misri waliomdanganya mfalme ili watoto wa kiume wasiuawe. Karani akauliza kama uongo ule ulikuwa dhambi. Kinyozi akasema hapana. Karani akasema mahakamani ungeitwa kosa. Wakavutana kidogo, kwa utani.

Mama Pasi akasema, bila kupandisha sauti, "Uongo wa kuokoa mtoto mimi sina ugomvi nao. Nina ugomvi na uongo wa kuokoa kiwanda."

Wakamgeukia.

"Mume wangu alikufa kiwanda cha sabuni. Mwaka huu ni wa kumi na moja. Alikuwa ndani ya pipa la kukorogea, mtambo ukawaka. Nikaletewa karatasi: swichi ilikuwa mbovu, na yeye aliingia pipani bila kuagizwa na mtu. Mume wangu! Mtu ambaye havuki barabara kabla hajaangalia pande zote mbili, halafu anaangalia tena. Basi watu wakamalizia wenyewe, wakasema alikuwa amelewa. Kaka zake mwenyewe wakasema. Na hakuwahi kuonja pombe." Aligeuza ukurasa, akaurudisha. "Sitafuti kumfunga mtu. Nataka kujua kitu kimoja. Nani alimwambia aingie?"

Chai ilikuwa imeletwa. Mara Tatu alishika kikombe chake kwa mikono miwili na kukitazama.

Kwa sababu aliyemwambia aingie alikuwa yeye.

Hakuwa mfanyakazi wa kile kiwanda. Aliitwa siku ile tu, kurudisha mota aliyoisuka. Mota ikafungwa, mapanga ya ndani ya pipa yakakataa kuzunguka. Pale palikuwa na mwendesha mtambo mmoja, mtu mrefu, wenzake walimwita Mluzi kwa sababu kazi yake yote aliifanya akipiga mluzi. Mara Tatu, ambaye wakati huo hakuwa bado Mara Tatu, akamwambia, "Bwana, hebu ingia uyazungushe kwa mkono, tujue kama shafti imekwama." Mluzi akavua viatu, akaingia. Fundi akaenda chumba cha swichi kuangalia nyaya, akakuta moja imelegea, akaikaza. Akafurahi kwamba tatizo amelipata. Akapaza sauti, "Umetoka?" Sauti ikajibu, "Tayari!" Akapandisha swichi.

Ile sauti ilikuwa ya mpagazi mlangoni, akimjibu mpagazi mwenzake.

Msimamizi wa kiwanda alipomkalisha kwenye kiti alikuwa ameshaandika. "Swichi ilikuwa na hitilafu, sivyo, fundi? Na marehemu aliingia kwa hiari yake." Fundi aliitikia kwa kichwa. Kichwa kilishuka, kikapanda, mara moja. Uongo wote ulikuwa huo tu, wala hakutumia hata neno. Mazishini hakwenda. Mke wa marehemu hakuwahi kumwona, wala mke hakuwahi kumwona yeye.

Sasa walikuwa wametenganishwa na viti viwili tu, na sahani moja ya karanga katikati.

Jumamosi iliyofuata alimwambia mkewe kuwa haendi. "Unaumwa?" "Hapana." "Basi nenda." Akaenda. Angejieleza vipi? Akiacha ghafla wataulizana. Akibaki atamtazama yule mama kila wiki usoni. Akabaki, na akajifunza kukaa kiti cha pembeni ambacho mtu hakuoni vizuri mpaka ageuze shingo.

Wiki ya tisa, kwenye sheria za kitabu cha Kutoka, wakafika kwenye mstari mmoja mfupi unaosema kwamba aliyeua bila kuvizia atatengewa mahali pa kukimbilia. Karani akasugua mikono. Sheria ndiyo ilikuwa chakula chake.

"Mahali penyewe patakuja kuelezwa," alisema. "Miji ya makimbilio. Ipo kwenye Hesabu. Tuone ratiba... wiki ya kumi na tisa. Siku hiyo tutakuwa na mengi ya kusema."

"Nitaisubiri," alisema Mama Pasi.

Kuanzia hapo Mara Tatu hakusoma tena kwa raha. Alikuwa anahesabu. Walawi walipokuwa wanachinja kondoo na kunyunyiza damu, yeye alikuwa anahesabu. Kinyozi alipolalamika kwamba sura za ukoma zimemfanya aogope vichwa vya wateja, wote wakacheka, na yeye alicheka nao akiwa anahesabu. Kumi na nne. Kumi na tano. Dukani alikosea idadi ya mizunguko ya waya, kitu ambacho hakuwahi kukosea tangu ujana, mota ya watu ikaungua upya mezani. Mkewe alimkuta usiku amekaa kitandani, macho kodo.

"Una nini?"

"Mgongo."

"Mgongo hauangalii ukuta."

Wiki ya kumi na tisa ilipofika, mgongo uleule ulimsaidia. Alimtuma mtu kwa Mkunga: fundi hawezi kuinuka. Alikaa nyumbani siku nzima kama mtu aliyepandwa na mashetani, mara dirishani, mara mlangoni. Jioni alipojua kwamba kikao kimeisha na watu wameondoka, alivuta pumzi hadi chini kabisa. Imepita. Biblia ni ndefu, alijiambia, sasa tunaenda mbele.

Lakini la kuvunda halina ubani.

Jumamosi iliyofuata Mkunga alimtazama juu ya miwani. "Fundi, mgongo umepona? Vizuri. Kwa sababu ulikosa, utaongoza wewe wiki ya ishirini na mbili. Hapa hakuna wa kukaa bure."

Akachukua ratiba. Wiki ya ishirini na mbili: Kumbukumbu la Torati, sura ya kumi na sita hadi ya ishirini na tatu. Hazikumwambia kitu. Alizifungua nyumbani Jumatatu kwa utulivu, akasoma ya kumi na sita, ya kumi na saba, ya kumi na nane. Katika ya kumi na tisa akasimama.

Ilikuwa miji ileile. Imerudi. Tena safari hii sheria ilitoa mfano: mtu na mwenzake wamekwenda msituni kukata miti, anainua mkono apige, chuma cha shoka kinachomoka kwenye mpini na kumpata mwenzake, naye anakufa. Hawakuwa na chuki. Walikuwa kazini.

Mara Tatu alisoma mara ya pili. Kisha akafunga Biblia na kukaa juu ya mikono yake, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu.

Ijumaa mchana alichukua mashati mawili, akaenda kwa dobi nyuma ya soko. Alikuwa ameamua: atamwambia peke yake, uso kwa uso, kabla ya kikao. Chumba kilijaa mvuke. Mashati yaliyonyooshwa yalipangwa kwenye kamba, kila moja na kikaratasi cha namba. Mama Pasi alisimama nyuma ya meza ndefu, akashusha pasi kwenye kola, akaikandamiza, akainua.

"Fundi! Leo unaoa?"

"Hapana, ni... yamekunjamana tu."

Aliyapokea, akayageuza. "Haya hayajakunjamana. Mkeo ameyanyoosha vizuri kuliko mimi." Akacheka. "Lakini pesa ni yako. Kesho ndiyo unatuongoza. Usitulaze, tafadhali, sisi wengine tumesimama wiki nzima."

"Mama..."

"Nini?"

Pasi ilitoa mvuke. Mwanamke mmoja aliingia nyuma yake na furushi la mashuka, akaanza kupiga hodi za sauti kubwa.

"Nitayachukua kesho," alisema Mara Tatu.

Akatoka. Alitembea mpaka dukani kwake bila kujua alivyopita njiani, akakuta jasho limelowesha shati hadi kiunoni.

Jumamosi saa kumi kasoro walikuwa wote. Mkunga akafungua kwa sala, fupi kama kawaida yake, kisha akamwashiria. Mara Tatu aligawa sura: wewe soma hii, wewe ile. Alijikuta amempa Kinyozi ya kumi na tisa, na Kinyozi, Mungu ambariki, aliisoma vizuri, bila mzaha hata chembe.

"Haya, fundi," alisema Mkunga. "Tuulize swali."

Swali hakuwa nalo. Karani akamwokoa, au alidhani anamwokoa. "Angalieni jinsi sheria ilivyo makini," alisema. "Inatenganisha aliyevizia na aliyepatwa na bahati mbaya. Huyu wa pili ana mji. Lakini mbele, kwenye Yoshua, mtaona jambo moja zaidi. Haingii tu na kujificha. Anasimama langoni na kueleza habari yake mbele ya wazee. Anaeleza mwenyewe, kwa kinywa chake. Ule mji haukumpokea bubu."

"Afadhali yake," alisema Mama Pasi.

"Nani?"

"Mwenye shoka. Afadhali yake, yeye ana mji. Miji mitatu, na mingine mitatu, na barabara wametengenezewa. Nimesoma mara mbili nikitafuta mke wa yule aliyepigwa na shoka. Hayupo. Yeye mji wake uko wapi? Anakimbilia wapi?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu aliyeulizia ofisi fulani miaka mingi na kila mlango ukamwonyesha mwingine. "Tena yeye walau alijua. Aliambiwa walikwenda kukata miti wawili, shoka likachomoka. Mimi sijui mpaka leo nani alimwambia aingie."

"Mimi," alisema Mara Tatu.

Wa kwanza kumgeukia alikuwa Kinyozi, akidhani fundi anaomba nafasi ya kuzungumza.

"Mimi ndiye niliyemwambia aingie. Nilikuwa fundi wa mota siku ile. Nilimwambia ayazungushe mapanga kwa mkono. Akaingia kwa sababu nilimwomba. Halafu nikawasha mimi. Swichi ilikuwa nzima."

Karani alivua miwani. Mkunga aliweka kiganja juu ya meza, taratibu, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke.

Mama Pasi hakupiga kelele. Rangi ilimtoka usoni mpaka midomo, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaza fomu.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne na nusu. Saa tano kasorobo hivi."

"Alikuwa amevaa viatu?"

"Alivivua. Aliviweka pamoja, pembeni."

"Alikuwa mlevi?"

"Hapana. Hapana, mama. Alikuwa mzima kuliko mimi."

"Ulimwita? Kabla ya kuwasha?"

"Nilimwita mara moja. Mtu akajibu. Hakuwa yeye. Sikwenda kuangalia. Hatua kumi na mbili tu. Nimezihesabu baadaye. Sikwenda."

"Alikuwa anapiga mluzi?"

Mara Tatu hakulitegemea swali hilo. Machozi aliyokuwa ameyazuia yakamshinda. "Alipokuwa anaingia, ndiyo."

"Wimbo gani?"

"Siujui. Ulikuwa unapanda, halafu unashuka kidogo kidogo, kama mtu anashuka ngazi."

Mama Pasi alifumba macho. Aliujua. Ilionekana wazi kwamba aliujua.

Alipoyafumbua alifunga Biblia, akaiweka kwenye mfuko, akasimama. "Kesho kutwa shemeji zangu watakuja kwangu, saa kumi na moja jioni. Utakuja. Utasema hivihivi ulivyosema hapa, hata neno moja usipunguze." Akatoka. Mkunga alimfuata nje bila kuvaa viatu.

Karani ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini: "Fundi, unajua hilo jambo haliishii sebuleni."

"Najua."

Nyumbani, mkewe alimsikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi. Alipomaliza, mkewe alikaa chini.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Nimelala na nani?"

Siku mbili mkewe hakumsemesha. Chakula kilikuja, maji ya kuoga yalikuja, neno halikuja. Lakini Jumatatu jioni, Mara Tatu alipokuwa anafunga kamba za viatu, alimkuta mlangoni amevaa gauni la kutokea.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Huendi peke yako ukauawa huko nikaletewa karatasi na mimi."

Kwa Mama Pasi palikuwa na shemeji watatu. Mkubwa wao alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu wa mabega mapana, macho mekundu ya kazi. Watoto wa marehemu, ambao sasa walikuwa watu wazima, walisimama kando ya pazia. Hapakuwa na salamu ndefu. Mara Tatu alisimama katikati ya chumba, mikono ikining'inia, akasema yote: aliingia kwa kuombwa, swichi ilikuwa nzima, hakuwa amelewa, niliwasha mimi, nikanyamaza mimi.

Alipofika kwenye "hakuwa amelewa", mchomeleaji aliinuka. Alimshika ukosi wa shati kwa mkono mmoja, akambana ukutani. Mke wa Mara Tatu alipiga yowe. Ndugu wawili wakainuka pia, ila haikueleweka kama ni kwa kuzuia au kwa kusaidia.

"Shemeji," alisema Mama Pasi. "Mwache amalize."

"Amalize nini? Amebakisha nini huyu?"

"Mwache. Nimesubiri kuliko wewe."

Ule mkono ulibaki pale kwenye ukosi. Mara Tatu aliyamaliza maneno yaliyobaki akiwa hivyohivyo, ukutani, pumzi inakwaruza. Mchomeleaji alipomwachia hakumpiga. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, na baada ya muda wakamsikia analia kwa sauti nzito, bila aibu. Mdogo wake akaeleza, bila kumtazama mtu: siku ya mazishi kaka mkubwa alikataa kusema neno la mwisho. Alisema mlevi hana neno la mwisho.

Mama Pasi alikwenda kukaa naye pale kwenye ngazi. Mara Tatu na mkewe wakaondoka kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyewaaga.

Wiki iliyofuata Karani aliandika maelezo yote kwa mkono, kurasa tano, akamsomea Mara Tatu, naye akatia saini. Wakayapeleka ofisi ya kazi. Ofisa aliyewapokea alisoma nusu, akainua kichwa. "Mzee, hili jalada lilishafungwa. Unajua unajiletea nini?" Mara Tatu akasema anajua, ingawa ukweli ni kwamba hakujua. Polisi walimhoji siku mbili. Mkewe alimletea chakula kwenye kibakuli chenye mfuniko, akasubiri kwenye benchi. Msimamizi wa zamani, ambaye alikuwa amestaafu, alisema hakumbuki. Mwisho wa yote Mara Tatu alinyang'anywa leseni ya kufunga mitambo viwandani. Aliruhusiwa kusuka mota mezani kwake tu, na mtu mwingine ndiye awashe. Wateja wengine walihama. Wengine walibaki, ila walimtazama tofauti wakimkabidhi mota, na hilo halikuwa na dawa.

Kundi halikuvunjika. Kinyozi alipouliza kama wasitishe kidogo, Mkunga alimjibu kwamba uchungu hausitishwi. Mara Tatu aliomba ajitoe, amwachie Mama Pasi nafasi. Mkunga akakataa. "Hajasema utoke. Akisema, utatoka." Kwa hiyo alikaa, kwenye kiti cha mbele safari hii, na kiti cha Mama Pasi kikabaki kitupu wiki sita. Sura ya Yoshua ya miji ile walipoifikia, Karani aliisoma mwenyewe, na hakuna aliyeichambua.

Mama Pasi alirudi wiki ya ishirini na tisa, kwenye zile sura za mwisho za Waamuzi ambazo Mkunga mwenyewe, kama si kanuni yake, angetamani kuziruka. Aliingia, akasema shikamoo kwa Mkunga na Karani, akakaa karibu na mlango. Mara Tatu hakumsalimia. Mkunga alijaribu kusema jambo juu ya kusamehe, kwa upole, bila kumlenga mtu.

"Mama," alisema Mama Pasi, "msiniharakishe. Nimekuja kusoma."

Basi wakasoma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miezi yote iliyofuata. Wawili wale walikaa chumba kimoja kila Jumamosi, wakala karanga za sahani moja, na hawakusemezana. Mama Pasi akitaka kujibu hoja ya Mara Tatu alimwambia Karani. Barua ya ofisi ya kazi ilipotoka, ikisema kwamba marehemu aliingia pipani kwa kuagizwa na fundi na kwamba yeye marehemu hakuwa na kosa, aliileta kikaoni, akaizungusha kila mtu aisome. Ilipofika kwa Mara Tatu aliisoma mpaka mwisho, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akampa Kinyozi aipitishe. Siku hiyohiyo mchomeleaji alimsindikiza shemeji yake mpaka mlangoni. Hakuingia, lakini alisimama pale barazani kwa muda, kofia mkononi.

Wiki ya arobaini na tatu walianza Mambo ya Nyakati, na Kinyozi alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza: majina matupu, kurasa kwa kurasa, fulani akamzaa fulani. Zamu ya kusoma ilikuwa ya Mara Tatu. Alisoma kwa sauti ya chini, ulimi unajikwaa, akijaribu kumaliza haraka. Karani alikuwa anasinzia. Kinyozi alikuwa ameanza kuhesabu majina kwa vidole, akapotea.

"Fundi," Mama Pasi alisema kutoka mlangoni.

Sebule nzima iliamka. Mara Tatu aliinua macho.

"Soma kwa sauti. Huku nyuma sisikii, na hao nao walikuwa watu."

Mara Tatu akasafisha koo, akarudi juu kwenye jina la kwanza la ukurasa, akaanza upya.